Printa Iliyonyamaza Mwezi wa Shaabani

Siku ya hitima ya Ami Mbarak nilicheka, na sikuona haya. Tulikuwa upande wa wanawake, ukumbi wa juu wa nyumba yake Kibokoni, juzuu zimekwisha kusomwa na kukusanywa, sahani za mahamri na mbaazi zikipitishwa mkono kwa mkono, mwanamke mmoja mnene aliyejitanda leso alipojipenyeza ubavuni mwangu na kuninong'oneza, "Mwanaisha, maneno bado yashuka ngazi?" Maneno hayo hayana maana kwa mtu mwingine yeyote duniani. Kwetu sisi wawili yana mwaka mzima ndani yake. Nilipogeuka nikamkuta Dama, ambaye tulifanya kazi pamoja katika chumba cha Ami Mbarak tulipokuwa wasichana, na ambaye sikuwa nimemwona tangu alipohamia Kilifi na mumewe. Yeye amenenepa, mimi nimekonda, sote tumepata miwani. Alisikia tangazo la msiba redioni, akaacha shughuli zake akaja, yeye Mkristo wa Rabai, akaketi nasi tangu kisomo kinaanza hadi kinakwisha. Nilicheka hadi mke wa marehemu akanigeukia, na badala ya kunikanya akauliza, "Ni ile printa?" Kumbe hata yeye alikuwa amesimuliwa.

Ndiyo, ni ile printa. Mwaka ulikuwa 1999, na mimi nilikuwa msichana mbishi niliyeamini kwamba hakuna kilichoharibika kisichotengenezeka, mradi mtu asinyanyuke kitini. Chumba chetu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viungo la Ami Mbarak, katika kichochoro ambacho ukikifuata unatokea Ndia Kuu. Kilinuka iliki na wino kwa pamoja, na hadi leo nikipasua iliki jikoni natazama vidole vyangu kama vina rangi. Palikuwa na dirisha moja la mbao lenye vipepeo vya kupitisha hewa, na chini yake baraza ambapo wazee waliketi tangu alasiri wakizungumza kwa sauti ya watu wasiojua kwamba dirisha lina masikio. Asubuhi walipita watembezaji wa wageni wakielekea Ngome ya Yesu, kila mmoja akieleza habari za nyumba yetu kwa namna yake. Mmoja alisema ilikuwa ya mfanyabiashara wa lulu, mwingine akasema ilikuwa jela. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa ya leza iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, mashine ya kurudufishia nakala, na kisu kikubwa cha kukatia karatasi ambacho Dama peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukishika, kwa sababu Ami Mbarak alisema mimi huwaza mambo mengine.

Ami Mbarak mwenyewe alikuwa mtu wa chapa tangu zama za kupanga herufi za risasi moja moja. Alikuwa mrefu, mkavu, kanzu yake haijawahi kuonekana na tone la wino, na hilo lilitutia wivu sisi tuliokuwa na wino hadi kwenye visigino. Kompyuta aliipokea kama mtu anavyompokea mkwe asiyemchagua. Aliyeileta ni Seif, mpwa wake aliyekuwa akisoma Ulaya. Seif ndiye aliyetuwekea mfumo wa Linux kwa kuwa ulikuwa wa bure na halali, na Ami Mbarak hakutaka programu ya wizi ndani ya chumba kinachochapa mambo ya dini. Kabla hajarudi masomoni Seif alinifundisha amri za kuandika kwa kibodi, akaniambia nisiogope, mashine haiumi. Yeye akaenda zake, nikabaki na ile skrini nyeusi yenye herufi nyeupe. Nilijifunza kwa kubofya, kukosea na kubofya tena, na naungama kwamba niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha shule.

Kazi iliyotupa jina mtaani ilikuwa ratiba ya Ramadhani, ule ukurasa mmoja wenye nyakati za kufunga na kufungua ambao hubandikwa ukutani katika kila nyumba. Ofisi nyingine zilichapa zao mapema na kuandika chini kwamba tarehe yategemea mwezi kuandama. Ami Mbarak hakukubali. Kwake yeye, kuchapa tarehe ya mwanzo kabla mwezi haujaonekana kulikuwa ni kumtangulia Mungu. Ratiba yake ilichapwa jioni ile ile ya mwezi, baina ya Magharibi na Isha, na watu wakitoka kusali tarawehe ya kwanza waliikuta mlangoni mwa msikiti, wino haujakauka sawasawa. Zamani alitayarisha sitensili mbili za taipureta, yaani karatasi za kupigia nakala, moja ya mwezi kuandama ishirini na tisa na nyingine ya thelathini, akachoma ile isiyohitajika. Kompyuta ilipokuja aliona raha yake: nilibadilisha namba moja tu na tarehe zote zikajisogeza. Taipureta akaipa madrasa. Hapo ndipo alipofunga njia ya kurudi nyuma, na wala hakujua.

Mwaka huo kila mtu alizungumzia mwaka elfu mbili. Kule barazani walisema ndege zitaanguka na mabenki yatasahau watu wao. Mimi sikuwa na ndege, nilikuwa na ratiba, na Ramadhani hiyo ilikuwa ianze Disemba na kumalizikia Januari. Nikaijaribu mwezi wa Rajabu. Siku za Disemba zilitoka vizuri. Zilipofika Januari, mahali pa mwaka pakaandikwa 19100. Nilimwonyesha Ami Mbarak. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Huu ni mwaka gani, mwanangu? Kiyama kimepita na sisi hatukuambiwa?" Nikamwambia mfumo ni wa zamani, haujui kuvuka karne, na Seif ametuma CD ya toleo jipya kwa mkono wa jamaa aliyekuja likizo. "Na hiyo mpya yaijua karne?" Nikasema yaijua. "Na mengine yote yatabaki kama yalivyo?" Nikasema yatabaki. Sikuwa na shaka hata chembe. Dama, aliyekuwa akipanga karatasi, aliniangalia kwa jicho la pembeni, maana yeye husubiri chakula kiive ndipo aseme ni kitamu.

Nikaliweka toleo jipya mwanzoni mwa Shaabani. Diski yetu ilikuwa ndogo, haiwezi kubeba la zamani na jipya pamoja, kwa hivyo nilizihamisha kazi zetu kwenye vidiski, nikafuta, nikaanza upya. Kila kitu kilikwenda vizuri. Skrini ikapata rangi, herufi zikawa nzuri zaidi, na ratiba ya majaribio ikaonyesha Januari ya mwaka 2000 bila kigugumizi. Nikamwita Ami Mbarak aje aone. Nikabofya ili ichapwe. Tukasubiri. Taa ya kijani ya printa ilikaa kimya imetulia, haikupepesa. Nikabofya tena. Chini barazani mtu akapiga chafya, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika. Ami Mbarak alisimama pale kwa adabu, mikono nyuma, kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akasema, "Labda yataka kupumzika," akashuka kwenda kusali.

Haikutaka kupumzika. Haikutaka kitu chochote. Niliuchomoa waya nikauchomeka, nikaupuliza, nikaazima waya mwingine kwa mtu wa Makadara, printa kimya. Nikaizima na kuiwasha. Ukibonyeza kitufe chake yenyewe ilichapa karatasi yake ya kujipima bila tatizo, kwa hivyo mgonjwa hakuwa yeye. Foleni ya kompyuta ilinionyesha kazi zangu zote zimejipanga, ratiba nyuma ya ratiba, zikingoja mlango ufunguliwe. Nikaandika amri ya kuipelekea mstari mmoja wa maneno moja kwa moja, bila foleni, kwenye kitundu cha waya wa printa, ambacho mfumo hukiita namba moja, kama Seif alivyonifundisha. Jibu likaja kwa Kiingereza kifupi kwamba chombo hicho hakipo. Nilipandwa na hasira. Chombo hicho nilikuwa nimekiegemea kwa kiwiko! Nilimpigia Seif kwenye simu ya bweni lao, ikalia tu. Baadaye tulisikia alikuwa amesafiri. Ndani ya ile CD mlikuwa na maelezo marefu ya kutengeneza printa, na yalianza kwa kumshauri msomaji ayachape kwanza ili ayasome kwa utulivu. Nilimtafsiria Dama sentensi hiyo, akacheka hadi akaketi juu ya marundo ya karatasi. Basi nikayasoma kwenye skrini, kurasa baada ya kurasa, kamusi pajani.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja Bwana Karim. Alikuwa muuza leso wa mtaa wa Biashara, mtu mchangamfu mwenye tumbo na manukato, na kwa muda mrefu alikitamani chumba chetu kiwe ghala lake, hasa Idd ikikaribia. Alikuja siku niliyokuwa chini ya meza nikifuata waya, akanisalimu kupitia miguu ya meza, "Masalkheri, binti," kisha akatoa utepe wa kupimia nguo na kuanza kupima ukuta. Akapima dirisha, akapima pale ilipokaa kompyuta. Nilimwona viatu tu, vikipiga hatua kama vya mwenye nyumba. Alipoondoka Ami Mbarak alibaki mlangoni. Hakupaza sauti, angepaza ningepata la kumjibu. "Sikiza, mwanangu. Mwezi ukiandama na ratiba haikutoka, mashine hizi nitaziuza na chumba nitampa Karim. Mimi nimechapa ratiba hii tangu sina ndevu. Watu wakitoka msikitini wasiikute, sina la kuwaambia. Hapa ni mahali pa kazi, si pa majaribio." Nikamwambia itatoka. Akaniuliza, "Wayua tatizo ni nini?" Nikasema, "Siyui bado, Ami. Lakini itatoka."

Naandika haya nikijua kwamba wasomaji vijana watasema ni kazi tu, angetafuta nyingine. Nyingine ipi? Nyumbani waliniruhusu kwa sababu ilikuwa kwa Ami Mbarak, mtu wa mtaa, anayejulikana msikitini na sokoni. Chumba kile kikifungwa, hapangekuwa na mwingine wa kuruhusiwa. Ningekaa ndani nikishona nguo za watu na kungoja posa, na zilikuwa zikija, moja kutoka Lamu na nyingine ya mtu aliyenizidi umri maradufu. Sikuwa na ugomvi na ndoa. Niliolewa baadaye na nashukuru. Lakini nilikuwa nimeonja kitu. Nilijua raha ya kuandika amri na kuona jambo linatokea kwa sababu nimeliamuru mimi, na nilikuwa tayari kupigana na chuma kabla sijarudisha raha hiyo. Niliogopa, tena sana. Asubuhi nilifunga buibui hivyo hivyo nikaenda kwenye kibodi.

Barazani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Nilimsikia mmoja akisema, "Wale wasichana wa Mbarak wameivunja kompyuta," na mwenzake akamjibu, "Si wameivunja, wameibadilisha dini." Wa tatu akasema ni jini la mwaka elfu mbili limewahi. Dama alifungua dirisha akamwaga maji ya kusuuzia brashi, karibu nao lakini si juu yao, akawaomba radhi kwa sauti tamu kabisa. Akanigeukia. "Endelea," akaniambia. "Mimi nalinda mlango." Naye pia alikuwa na lake la kupoteza: alikuwa amepanga chumba Majengo na anasomesha ndugu yake. Lakini hakunitajia hilo hata mara moja mwezi ule mzima. Hilo silisahau.

Siku chache kabla ya Ramadhani tukavunja jungu, kama kila mahali pa kazi Mji wa Kale panavyofanya, watu wale washibe pamoja kabla ya mfungo. Mke wa Ami Mbarak alituletea sinia la pilau ya mbuzi, samaki wa kupaka, kachumbari, ndizi mbivu na achari ya maembe iliyokuwa kali mpaka masikio yakavuma. Tulitandika jamvi baina ya printa na mashine ya kurudufishia tukala, Ami Mbarak akiwa kwenye kiti chake kando na sahani yake. Sikuwa na hamu ya kula. Niliitazama printa, nikaona kama inatutazama na kutamani. Dama ndiye aliyekuwa akizungumza, kwani alikuwa akipanga namna atakavyokata karatasi jioni ya mwezi na alitaka kuelewa mambo yatakavyokwenda. Mwaka uliopita hakuwa bado ameajiriwa.

"Nauliza, Ami, msinicheke," akasema. "Hiyo tarawehe ya kwanza mwaisali lini?"

"Mwezi ukiandama. Jioni ile ile, baada ya Isha."

"Na kufunga?"

"Asubuhi yake."

"Sasa Ramadhani yaanza watu hawajafunga bado?"

"Yaanza jua likitua, mwanangu. Kwetu usiku hutangulia mchana wake."

Dama aliwaza, kijiko hewani. Alichukua karatasi moja ya mwaka uliopita iliyokuwa ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa. "Hapa pameandikwa moja. Ni siku ya kwanza ya kufunga. Ule usiku wa kabla yake mumeuandika wapi?"

"Hauandikwi," Ami Mbarak akasema. "Lakini upo, na ndio mwanzo."

Tonge lilinibakia mkononi. Sitadai kwamba niliteremshiwa siri. Ilikuwa ni kitu kidogo tu: kwa wiki kadhaa nilikuwa nikigonga mlango namba moja kwa sababu wa kwanza ni moja, na nani angefikiri vinginevyo? Kitundu kilikuwa kimoja, kile kile, waya ule ule. Haikunijia hata mara moja kwamba kitundu kinaweza kubaki mahali pake na toleo jipya likahamishia hesabu mwanzo mwingine, kabla ya moja. Nikainuka na mkono wenye pilau. Ami Mbarak akasema, "Binti, nawa kwanza!" Nikanawa, nusunusu, nikaketi mbele ya skrini na kuandika ile amri yangu ya siku zote, ila mwishoni, mahali pa moja, nikaweka sifuri.

Taa ya kijani ikapepesa. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikanguruma kama paka aliyeamshwa, na ukurasa ukateleza nje. Dama aliuwahi kabla yangu. Akautazama, akaupindua, akaupindua tena. "Mwanaisha, mbona maneno yashuka ngazi?" Na kweli: mstari wa kwanza ulianzia kushoto, wa pili ulianza pale wa kwanza ulipokomea, wa tatu ukaenda mbali zaidi, hadi maneno yakaanguka nje ya karatasi upande wa kulia. Kompyuta ilikuwa ikiiambia printa ishuke mstari, lakini haikuiambia irudi pembeni. Ami Mbarak alikuja akasimama nyuma yetu. Sisi tulikuwa tumekumbatiana tunaruka, achari mikononi, na yeye ameshika ukurasa ambao hausomeki. "Hii ndiyo ratiba?" akauliza. "Hii ndiyo printa, Ami," nikamwambia. "Imesema." Akaukunja ukurasa vizuri. "Yasema kama mlevi," akasema, akarudi kwenye pilau yake. Lakini nilimwona ameukunja, hakuutupa.

Hatukuwa tumefika. Nilipoipeleka ratiba yenyewe zilitoka kurasa na kurasa za mabano, asilimia na tarakimu, kwa kuwa kile kiungo kinachoutafsiri ukurasa kuwa picha inayoeleweka na printa kilikuwa kimefutika pamoja na mfumo wa zamani. Seif ndiye aliyekitengeneza, na mimi sikuwahi kukiangalia. Ilibidi nikiandike upya, mstari kwa mstari, kwa kamusi na yale maelezo ya CD. Nikikosea alama moja, printa inatapika mabano, nikiirekebisha, inanyamaza, nikiirekebisha tena, inachapa nusu ukurasa na kuukata shingoni. Dama alizipokea karatasi zote zilizoharibika, akazikata ndogo ndogo, akamgawia muuza kachri za viazi wa pembeni afungie. Hadi leo nafurahi nikifikiri ni watu wangapi mjini humo walikula kachri zilizofungwa kwa makosa yangu. Alasiri ya siku ya ishirini na nane, wazee wakiwa wametulia barazani na kahawa yao, ukurasa ukatoka mzima: kichwa juu, nyakati katika safu zake, Disemba ikafuatwa na Januari, na Januari imeandikwa 2000. Nilimpelekea Ami Mbarak dukani chini. Aliusoma wote, hadi herufi ya mwisho, kwa kidole. "Tarehe ya mwanzo haipo," akasema. "Mwezi haujaandama, Ami." Akanirudishia ukurasa. Sikuona uso wake, kwani alikuwa amekwisha kumgeukia mteja.

Mwezi ukaandama kesho yake. Tulisikia kwanza kelele za watoto kutoka upande wa bandari ya zamani, kisha takbira, kisha simu ikalia na Ami Mbarak akasema ndani yake, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," akaitua na kunitazama. Nikaweka namba. Tarehe zikajisogeza. Nikabofya, na naapa kwamba baina ya kubofya kule na ile taa kupepesa nilipata muda wa kuyaona maisha yangu yote ya ndani ya nyumba, sindano kwa sindano. Ikapepesa. Ukurasa ukatoka, Dama akaunyakua akautia kwenye mashine yake na kuanza kuizungusha kwa mkono, jasho likimtiririka, na nakala zikaanza kumwagika. Ami Mbarak akakunja mikono ya kanzu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akashika kile kisu. Akakata. Mimi nikahesabu na kufunga mafungu. Kulikuwa na wanaume wamejaa ngazini, kila mmoja na msikiti wake, wakipaza sauti, "Za kwetu! Za kwetu kwanza!" na Dama akiwajibu kwamba Mungu ni mmoja na mashine ni moja, wapange mstari. Adhana ya Isha ilipoanza fungu la mwisho lilikuwa likishuka ngazi. Ami Mbarak akateremsha mikono ya kanzu. Kulikuwa na doa la wino karibu na kiwiko. Akachukua ratiba chache chini ya kwapa, akavaa viatu, akaenda kusali bila kutuambia neno.

Hilo liliniudhi, na nitalisema kwa kuwa sasa hayupo na mimi nilimpenda: liliniudhi sana. Nilikwenda nyumbani nikala daku nikiwa bado nimenuna. Alisema ratiba isipotoka atauza. Hakusema ikitoka atafanya nini. Mtu mzima anaweza kuchoka na mashine hata ikiwa imetii. Kwenye hitima, nilipomwambia Dama kwamba usiku ule nilijitayarisha kufukuzwa, alisema yeye pia, na kwamba alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu wa Buxton aliyetaka msaidizi wa kufunga vitabu. Hatukuwahi kuambiana. Tulikuwa tumepigana bega kwa bega mwezi mzima, na kila mmoja akaenda kulala na hofu yake peke yake.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo kichochoro kilikuwa kimetulia, duka la viungo limefungua upande mmoja tu. Nilipoingia mlangoni nikasikia sauti za watu wawili juu yangu, kwenye kituo cha ngazi. Nikasimama. Bwana Karim alikuwa akisema kwamba ameiona ratiba, mashallah, imependeza, hata mkewe ameisifu. Lakini ratiba ni ya mara moja kwa mwaka, na chumba ni kikubwa, na leso zake zinanyeshewa. Kama hakipati chote, basi wakigawe kwa ubao katikati, mashine zikae upande wa ukutani na yeye achukue upande wa dirisha.

"Chumba kile kina mwenyewe, Karim," Ami Mbarak akasema.

"Najua, Ami. Si ndiye nazungumza naye?"

Ngazi ililia chini ya mguu wangu. Wote wawili wakatazama chini. Ami Mbarak, midomo mikavu kwa saumu, kanzu safi tena kama kawaida yake, akaniita kana kwamba alikuwa akiningoja nifike.

"Mwanaisha. Bwana Karim yuwauliza kama chumba chako chaweza kugawanywa."

Nikapanda hadi walipo. Nikamwamkia Bwana Karim kwa heshima zake zote, na Ami Mbarak nikambusu mkono.

"Hakiwezi, Ami," nikasema, nikapita katikati yao kwenda kuwasha mashine.